Mwaka Niliofungua Kinywa

Baada ya kumzika Mama Mdogo tulishuka wote kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kama ilivyo desturi ya makanisa ya huku Marekani. Kina mama wa Kizungu walikuwa wameshaandaa kahawa na keki za kukatwa vipande vya mraba, na kina mama wetu wamepika ndizi kwa nyama kwenye masufuria ya kubebwa na watu wawili wawili. Nilisimama mlangoni nikipokea mikono ya waombolezaji. Walipita wafanyakazi wenzake wa nyumba ya wazee ya Golden Valley, wakapita wanakwaya, halafu akaja mwanamke mfupi mwenye nywele zilizoanza mvi, koti bado limefungwa hadi shingoni. Wengine wote walikuwa wamenitazama machoni kwa huruma. Huyu alitazama mdomo wangu kwanza, halafu macho, na hapo hapo nikamjua. "Bado lipo?" akaniuliza kwa Kiingereza. "Lipo," nikamwambia. Akanikumbatia kwa nguvu, akaanza kulia, na mimi niliyekuwa nimejikaza tangu asubuhi nikalia naye. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walidhani tunaongea habari za roho ya marehemu. Tulikuwa tunaongea habari za jino.

Jina lake ni Mai. Ni Mhmong, watu wenye asili ya milima ya Asia, mkazi wa Saint Paul, na kwa miaka mingi alikuwa daktari wa meno wa Mama Mdogo. Mimi nilikuwa sijamwona tangu nilipohamia Eden Prairie na kupata daktari wa karibu na ofisi. Tulikaa naye kwenye kona ya ukumbi na sahani zetu, akala ndizi mpaka akaongezwa, na nilipokuwa naendesha gari kurudi nyumbani jioni ile nilikuta nimerudi kwenye mwaka mmoja tu kati ya miaka yangu yote ya Minnesota, ule wa kwanza. Sitaeleza kwa nini mama aliamua kunituma kwa mdogo wake nikiwa na miaka kumi na sita. Hiyo ni habari ndefu ya nyumba nyingine. Nitaanzia ndani ya fleti.

Ilikuwa ghorofa ya pili, Minneapolis, zulia la rangi ya chai ya maziwa, na mabomba ya joto yaliyogonga ukutani kila asubuhi kama mtu anayeomba kufunguliwa. Chumba kimoja cha Mama Mdogo, kingine changu na binti yake Jojo, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Jikoni palikuwa na meza ya duara yenye kitambaa cha plastiki, na kwenye mlango wa friji ilibandikwa ratiba ya zamu za Mama Mdogo, iliyotawala maisha yetu yote: nani apike, nani afue, lini tuonane. Bafuni, juu ya sinki, palikuwa na kabati dogo la kioo. "Rafu ya juu ni yangu," aliniambia siku niliyofika. "Hizo nyingine chukueni." Alikuwa pia na tabia ya kujifungia bafuni kila alipomaliza kula. Niliiona ni tabia ya Kimarekani, nikaiheshimu. Kuliko vyote nilivutiwa na meno yake. Yalikuwa meupe, yamepangana kama punje za hindi changa, na alipocheka nilikuwa nayatazama hayo tu. Nilidhani Marekani ndiyo iliyoyafanya hivyo. Nilidhani ukikaa huku muda wa kutosha, ukanywa maziwa yao na kula tufaha zao, na ya kwako yatatakata.

Yangu mimi yalikuwa ya kahawia. Mimi ni mtu wa Meru, na kwetu maji ya mlimani huyapaka meno rangi kabla hata hayajachomoza kwenye fizi. Mengine hubaki na mistari tu, mengine huwa ya kahawia kabisa na vishimo vidogo mbele. Ukicheka sokoni kwetu hakuna anayegeuka, kwa sababu anayekuuzia nyanya naye ni hivyo hivyo, na mwalimu mkuu, na mchungaji. Ukienda mjini Arusha watakutambua unatoka maji gani, watakutania kidogo, basi. Sikuwahi kujua kwamba nina tatizo mpaka wiki ya kwanza ya shule, kwenye bwalo la chakula, msichana aitwaye Heather, tuliyekaa naye meza moja kwenye sayansi, aliponitazama nikicheka na kuniuliza, "Ulianza kuvuta sigara ukiwa na miaka mingapi?" Leo naweza kusema hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu. Lakini meza nzima ilicheka, na mimi nikaweka kiganja mdomoni. Kiganja kile kilikaa pale miezi tisa. Nilijibu maswali darasani kwa kutikisa kichwa. Walimu wakaamua sijui Kiingereza, wakanihamishia darasa la wanaoanza kujifunza, nikakaa na watu wanaotaja majina ya matunda, mimi niliyetoka shule ya bweni ambako tulifundishwa fizikia kwa Kiingereza.

Halafu nikafanya kosa ambalo nimeliona kwa vijana wengi tangu wakati huo. Niliamua kwamba meno yangu yameshaharibika, kwa hiyo hakuna cha kutunza. Nikaacha kupiga mswaki. Niliulowesha tu kwenye bomba ili Mama Mdogo akiugusa aukute na maji. Shuleni kulikuwa na mashine ya soda karibu na mlango wa ukumbi wa michezo, na nyumbani kulikuwa na nafaka za sukari za Jojo za kifungua kinywa. Mwisho wa mwezi wa kumi, watoto wa huku walipozunguka majumbani kuomba peremende, Jojo alirudi na foronya imejaa, na katika wiki mbili nilimmalizia. Nilizinyonya kitandani mpaka nikalala na nyingine ikiwa bado shavuni. Hakuna aliyejua. Mtoto mdogo anashikwa kidevu na kusafishwa. Mtu mzima anajua maumivu yanakokwenda kuishia. Kijana wa miaka kumi na sita anabaki katikati, mlango wa bafu umefungwa, na wakubwa wanadhani maji yanayomwagika ndani ndiyo kazi yenyewe. Sasa nina wangu wa miaka kumi na mitano, na ninasimama mlangoni pale, na ananichukia kwa hilo, na sijali.

Maumivu yalianza mwezi wa kwanza, kwenye gego la chini upande wa kushoto. Mwanzo yalikuja na kitu baridi tu, na Minnesota mwezi wa kwanza hata hewa ni kitu baridi. Nikajifunza kupumua kwa pua kituoni nikisubiri basi. Baadaye yakawa hayangoji kitu. Nikachukua karafuu kwenye kopo la viungo vya pilau, nikaiweka kwenye tundu, nikatafuna kwa upande wa kulia. Jojo, aliyeelewa Kiswahili chote lakini hakukijibu hata neno moja, ndiye aliyegundua. "Mbona unakula kama mbuzi?" aliniuliza kwa Kiingereza chake. Nikamwapisha asiseme. Nilichokiogopa ni hiki: siku moja nilimsikia Mama Mdogo jikoni akiongea kwa simu na mfanyakazi mwenzake, kuhusu mzee mmoja wa pale kazini. "Wameyang'oa yote," alisema. "Yote! Sasa nikimpelekea chakula anafunika uso kwa leso." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi namwelewa." Sikuyatilia maanani maneno ya mwisho. Nilichobaki nacho ni kwamba huku ukiwapelekea jino moja, wanachukua yote.

Jumapili moja ya mwezi wa pili nilikuwa nimepangiwa kusoma somo kwenye ibada ya Kiswahili. Nilipoamka na kujitazama kwenye kioo sikujiona. Shavu la kushoto lilikuwa limejaa mpaka jicho limekuwa mstari, uvimbe umeshuka chini ya taya, ngozi inang'aa, na mwili mzima unatetemeka kwa homa. Mama Mdogo aliingia kutoka zamu saa moja na nusu asubuhi, bado amevaa sare yake ya maua, theluji kwenye viatu. Hakuvua koti. Aliweka kiganja kwenye shavu langu.

"Fungua kinywa."

Nikatikisa kichwa.

"Nimesema fungua, Aneth."

"Siwezi, Mama Mdogo," nikamwambia kupitia meno, na ilikuwa kweli: taya zilikuwa zimekaza, upana wa kidole hauingii. Jojo akaanza kulia mlangoni na kusema kila kitu, karafuu, soda, peremende, mswaki uliolowa bure. Mama Mdogo hakumkaripia yeyote. Alitoka akagonga kwa jirani yetu Mkenya, Mama Kevo, ambaye naye alikuwa anajiandaa kwenda kanisani, na Mama Kevo alipomwona anavyohangaika na funguo za gari akamnyang'anya. "Wewe keti nyuma na mtoto," alisema. "Nita-drive mimi."

Nilikaa hospitali siku nne. Walinipasua chini ya taya wakatoa usaha, wakaniwekea dawa kwenye mshipa, na nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia daktari akimwambia Mama Mdogo, polepole, kama wanavyowasemesha watu wenye lafudhi, kwamba uvimbe ulikuwa unaelekea shingoni, na kwamba ukifika huko njia ya hewa inaziba. Siku moja zaidi, alisema, hangependa kuifikiria. Mama Mdogo alimshukuru. Halafu alitoka kwenye ujia na kumpigia mama, na alizungumza Kimeru, lugha aliyoitumia akiogopa. "Dada," alisema, "kila siku nafungua vinywa vya wazee wa watu. Nasafisha jino moja moja. Huyu mtoto nimekaa naye miezi sita, sijamwambia hata mara moja afungue nione." Nilitaka kuita, kumwambia kosa ni langu, lakini mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Hospitali ilitoa usaha. Jino lenyewe walituambia tulipeleke kliniki ya meno ya chuo kikuu, ambako wanafunzi wa udaktari hutibu watu chini ya macho ya walimu wao. Ndipo nilipokutana na Mai. Alikuwa mwaka wa mwisho, mfupi kiasi kwamba alishusha kiti changu mpaka karibu na sakafu, na nyuma yake alizunguka mwalimu mzee mwenye tai ya kipepeo ambaye hakusema neno zaidi ya "endelea" na "rudia". Mai alinikagua kwa muda mrefu. Nilifumba macho nikisubiri aulize kuhusu sigara. Aliuliza, "Maji ya kwenu yanatoka wapi?"

"Mlimani," nikasema.

"Nilifikiri hivyo. Tumesoma habari zake, lakini sijawahi kuyaona." Akanipa kioo cha mkononi. "Tazama. Haya ya mbele, ya kahawia, ni madini ya maji. Ni rangi. Chini ya rangi ni mazima, yana nguvu, hayajaoza hata moja. Sasa tazama huku nyuma." Akanigeuzia kioo kingine kidogo. Nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kunicheka, kulikuwa na matundu sita. "Haya hayakuharibiwa na maji ya kwenu," alisema. "Haya yameharibika hapa, mwaka huu. Uliyaonea aibu ya mbele, ukayanyima mswaki yote." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma alichokiona, na nilikasirika kwa sababu nilijua ni kweli.

Matano yangezibwa. La sita, lile gego, lilikuwa na njia mbili. Kuling'oa, dakika ishirini na habari imekwisha. Au kulisafisha mpaka ndani ya mizizi, kulijaza, na kulivisha kofia ngumu ya kulilinda. Hiyo ingechukua safari nyingi, huenda mpaka mwezi wa tano, na Mai mwenyewe alikuwa anamaliza chuo mwezi huo huo. "Ling'oe," nikasema kabla hajamaliza. Alitazama karatasi zake. "Una miaka kumi na sita," alisema. "Jino hili lina kazi ya miaka sitini mbele yake. Nenda nyumbani ukafikirie. Nipigie kesho." Nilimtazama Mama Mdogo aamue, kama mkubwa. Akachukua koti lake. Tukarudi nyumbani kwa mabasi mawili, maana gari lilikuwa gereji.

Tulipofika alinikalisha kwenye meza ya duara. Ilikuwa mchana, Jojo yuko shule, jua la theluji limejaa jikoni. Alijaza glasi maji, akaiweka katikati ya meza, na kabla sijauliza ni ya nani, akaingiza kidole gumba kinywani na kutoa meno yake. Sita ya mbele ya juu, meupe, yameshikana kwenye kipande cha plastiki ya rangi ya waridi. Aliyatia kwenye glasi. Uso wake ulibadilika mbele yangu. Mdomo wa juu uliingia ndani, akawa bibi yangu. Na sauti ilipotoka, kila s ilikuwa upepo.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," alisema. "Nimefika huku mwaka huo huo. Nikapata kazi ya kupokea wateja dukani. Siku ya tatu meneja akaniambia afadhali nifanye kazi ghalani, nyuma. Hakusema kwa nini. Alionyesha hivi." Akagusa meno yasiyokuwepo. "Nikaenda kwa daktari nikamwambia ayang'oe. Akanieleza kama huyu binti alivyokueleza wewe leo. Kwamba ni rangi tu. Kwamba ni mazima. Aliniuliza mara mbili, Aneth. Nikamwambia ng'oa."

Sikujua nitazame wapi. Nilitazama glasi, nikaona si adabu, nikatazama mikono yake.

"Yalimpa shida," alisema. "Alivuta mpaka akatoka jasho. Yalikuwa yameshika. Yalikuwa hayataki kutoka." Hapo ndipo alipofunika uso kwa upindo wa kitenge, mwanamke niliyemwona akimnyanyua mtu mzima kutoka kwenye kiti cha magurudumu kama ananyanyua mto, akalia. Nilizunguka meza nikamshika. Alipotulia alifuta macho na kusema, bado bila meno, "Sitakuamulia. Mimi niliamua peke yangu, na wewe utaamua. Lakini kesho utampigia yule binti wewe mwenyewe. Si mimi."

Nilipiga saa tatu asubuhi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongea Kiingereza kwenye simu Marekani, bila kiganja, kwa sababu simu haina macho. "Ni Aneth," nikasema. "Lile la miaka sitini. Naomba tulitibu." Mai alicheka. "Alhamisi," akasema, na tangu siku hiyo Alhamisi zikawa zetu.

Sijui nisimulie vipi miezi ile bila kumchosha mtu ambaye hajalala kwenye kiti kile. Kulikuwa na sindano ya ganzi, na kipande cha mpira kilichotandazwa juu ya kinywa kama hema, jino moja tu limetokeza. Na vijisindano vyembamba kama unywele ambavyo Mai alivishusha kwenye mizizi kimoja kimoja, akipima, akimwita mwalimu, mwalimu akisema "rudia". Alirudia. Siku moja alirudia mzizi mmoja mara nne, na kwenye mara ya nne niliona mikono yake inatulia badala ya kuchoka. Akifanya kazi alinisimulia habari za mama yake, ambaye yeye Mai alimtafsiria kwa madaktari tangu akiwa na miaka tisa, mpaka akajua majina ya magonjwa kabla hajajua majina ya wachezaji wa mpira. Mimi sikuweza kujibu, kinywa kiko wazi. Labda ndiyo sababu alisimulia. Kila mwisho wa kikao alinipa kidonge chekundu nitafune. Rangi yake hung'ang'ania mahali palipo na uchafu. Mara ya kwanza kinywa chote kilikuwa chekundu kama nimekula damu. "Unapiga mswaki kama mtu anayefuta ubao," alisema, akanifundisha upya, mimi mwenye miaka kumi na sita: miduara midogo, pale fizi inapokutana na jino, nje, ndani, nyuma ya lile la mwisho, halafu uzi, kila pengo, hata pale panapotoka damu, hasa pale.

Nyumbani Mama Mdogo aliacha kufunga mlango wa bafu. Baada ya chakula cha jioni tulisimama watatu mbele ya sinki moja, tukisukumana viwiko, mimi na Jojo na miswaki yetu, yeye na meno yake mkononi, anayasugua chini ya bomba kwa utaratibu ule ule aliowafanyia wazee wa kazini. Mai alikuwa amesema dakika mbili. Saa hatukuwa nayo bafuni, kwa hiyo Mama Mdogo alitaka kuhesabu, lakini bila meno zile s zilimpotea, tukacheka, na Jojo, dawa ya meno ikimtiririka kidevuni, akachukua hesabu. Kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu, mpaka mia na ishirini, hakukosea hata namba moja. Mama yake alimtazama kwenye kioo, akaendelea kusugua asije akamwogofya. Kufika mwezi wa nne, kile kidonge kikiisha kutafunwa, kilibakiza mstari mwembamba tu nyuma ya jino moja. Mai alimwita mwalimu aje aone. Mwalimu aliinama, akatazama, akasema neno jipya: "Vizuri."

Mwezi wa tano, kwenye somo la afya, kila mmoja wetu alitakiwa kuzungumza mbele ya darasa dakika tano. Mwalimu aliniambia naweza kuandika tu, kutokana na lugha yangu. Nikamwambia nitazungumza. Nilisimama na picha ya eksirei ambayo Mai alinipa, na nikaanza na swali la Heather, neno kwa neno, ila sikutaja jina lake. Nikasema, "Sikuwahi kuvuta sigara. Haya ni maji ya mlima wetu," na nikatabasamu, kwa meno yote, nikabaki hivyo mpaka waliotazama chini wakarudisha macho. Kisha nikawaeleza la gego: soda, peremende za kitandani, mswaki wa kudanganyia, karafuu, kisu cha chini ya taya. Nikawaonyesha kovu. Nikawaambia jino halioti tena kama kucha, na kwamba katika umri wetu hakuna mtu anayetukagua, kwa hiyo tujikague. Nilipitiliza dakika tano. Nilikwenda kumi na mbili. Hakuna aliyenizuia. Mwalimu alikuwa ameacha kuandika maksi, ananisikiliza tu.

Baada ya kengele Heather alinifuata kwenye makabati. Nilidhani anataka kuomba radhi, nikajiandaa kuwa mkarimu. Badala yake alivuta shavu lake kwa kidole, akanionyesha gego jeusi. "Tangu Krismasi," alisema. "Sijamwambia mama. Itakuwaje wakiling'oa?" Nilimweleza kila kitu, ganzi, mpira, vijisindano, na kwamba ukiwahi wanaziba tu. Nikamwambia, "Mwambie leo. Usingoje kesho." Wiki iliyofuata alikuja na nusu ya uso imekufa ganzi, akicheka kwa upande mmoja, na mimi nilitembea siku hiyo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Watu wanapenda nikiwaambia kwamba yale ya mbele niliyaacha vilevile maisha yangu yote. Sikuyaacha. Nilipofika miaka ishirini nilimwendea Mai, aliyekuwa na kliniki yake mwenyewe sasa, akayafunika manne ya mbele kwa utando mweupe, bila kung'oa hata punje ya jino zima. Niliyataka hivyo na sikuona haya. Yaliyo pembeni bado ni ya Meru. Siku hiyo Mama Mdogo alinisindikiza, na yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti baada yangu, mara ya kwanza tangu yule daktari wa zamani, akampa Mai meno yake mkononi, amtengenezee mengine yanayokaa vizuri. Kwenye ukumbi wa kanisa, sahani mapajani, Mai aliniambia kwamba katika wagonjwa wake wote hakuna aliyekuja bila kukosa kama Mama Mdogo. Alikuja hata mwezi uliopita, amekonda, amefunikwa blanketi, kusafishwa tu.

Lakini siku ninayoirudia zaidi ni ile Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano, nilipovishwa kofia ya jino. Mwalimu mwenye tai alinigongagonga kwa kifaa chake, akaniambia ning'ate karatasi, nitafune, nisogeze taya kulia na kushoto. Alimtazama Mai aliyesimama pembeni amekunja mikono nyuma kama mwanafunzi wa shule ya msingi. "Daktari," alimwita, mara ya kwanza kumwita hivyo, "kazi hii ingeweza kuwa yangu." Mai alitoka chumbani kwa muda mfupi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alijifanya anatafuta glavu.

Tulifika nyumbani saa saba mchana, kwetu Meru saa tatu usiku, mama bado hajalala. Mama Mdogo alipiga, akasalimia, akanipa simu kabla hajaulizwa chochote, kisha akaenda kumenya ndizi kwenye sinki, amenipa mgongo, bila kufungua maji.

"Mwanangu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi tangu mwezi wa pili. "Niambie ukweli. Wamechukua mangapi?"

"Hawajachukua, mama."

"Hata lile?"

"Hata lile. Nimeyahesabu na daktari. Ishirini na nane."

Kisu kilisimama kwenye ndizi.

"Yote, mama," nikasema. "Ninayo yote."